Pete Iliyoikimbia Sumaku

Soweto, Mbeya
Ijumaa, saa nane mchana

Atupele mwanangu,

Dhahabu husukumwa na sumaku. Amesema hivyo Mwalimu Mwasomola, mwalimu wako wa fizikia, leo saa nne asubuhi, akiwa amesimama mlangoni mwa maabara na chaki mkononi. Nilimwomba arudie, akarudia. Nilimuuliza kama ana hakika, akasema ana hakika, na kwamba jambo hilo limo vitabuni tangu kabla mimi na yeye hatujazaliwa. Nikaandika kwenye daftari, nikamshukuru, nikaondoka.

Hukujua kwamba nimekwenda shuleni kwenu. Ulidhani nimekwenda stendi kukata tiketi. Tiketi nimekata pia, nitaieleza mwisho.

Sasa hivi uko hapa jirani kwa shangazi yako Sekela unasukwa, na akianza kusuka hamwachi mtu mpaka jua limeingia mlimani. Kwa hiyo nina saa nne hivi. Mambo ya blanketi, sabuni, chakula cha kupika bwenini na watu wa kutowafungulia mlango, najua anakueleza yote huku amekubana kichwa magotini, na anayajua kuliko mimi. Nitakuandikia jambo moja ambalo yeye halijui.

Unakumbuka Jumatatu jioni ulipofunga madirisha ya sebuleni. Nilikuuliza kwa nini unafunga wakati moshi wa jiko umejaa ndani, ukasema upepo utaharibu. Ulikuwa umechoma nyanya mbili ndogo kwenye kijiti cha mishikaki, moja huku na moja kule, ukakifunga uzi wa cherehani katikati na kukining'iniza kwenye fremu ya mlango. Sumaku ulipewa na fundi wa kompyuta wa pale stendi, aliyeitoa ndani ya kompyuta iliyokufa. Ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba, lakini iling'ang'ania sufuria mpaka tukaibandua kwa kisu.

Ulisubiri kijiti kitulie. Kilipotulia uliisogeza sumaku karibu na nyanya moja, polepole, bila kuigusa. Nyanya ikaanza kuondoka. Iliondoka taratibu kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Ukazunguka upande wa pili, nyanya ya pili nayo ikaondoka.

"Mama, cheki," ukasema. "Inaikimbia."

Halafu ukacheka, ukaniuliza, "Sasa hii si nyanya?"

Nikasema nimeacha jiko linawaka, nikaenda jikoni. Jiko lilikuwa limezimwa. Nilisimama pale nikitazama sufuria iliyokwaruzwa na kisu. Baadaye uliniuliza kama nimekasirika kwa sababu ya nyanya. Sikukasirika. Sikusikia chochote moyoni, na hilo nitalirudia kwa sababu linatuhusu wewe na mimi.

Miaka kumi na miwili iliyopita, wewe ukiwa na miaka saba, nilikuwa nakaa Iringa siku tatu za kila juma kwa ajili ya gazeti. Alhamisi moja kijana mmoja mkulima alinifuata nyumba ya wageni niliyokuwa nimefikia. Alijitambulisha kwa jina la Mhapa, mtu wa Kalenga, ameoa miezi miwili nyuma. Alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua, ndani mlikuwa na pete ya mkewe. Alisema kidole cha mkewe kimekuwa cheusi. Wakwe zake walikuwa wameiona rangi ile, wakasema amewaletea shaba, na baba mkwe akairudisha pete mbele ya ndugu wa pande zote mbili, imefungwa kwenye kitambaa kile kile. Mhapa hakutaka kurudishiwa chochote. Alitaka ijulikane kwamba yeye siye aliyedanganya.

Nakueleza hivi ili usije ukamfikiria vibaya Mhapa. Alisema kweli yote aliyokuwa nayo.

Pete aliitengeneza sonara mmoja aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko. Watu walimwita Fundi Rajabu. Babu yake alikuja Iringa kutoka Kilwa, na kazi hiyo ilikuwa imerithishwa mpaka ikamfikia yeye. Tulimkuta amekaa kwenye kigoda, mbele yake karai la mkaa na mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo. Alimsikiliza Mhapa mpaka mwisho. Akaipokea pete, akaitazama, akasema ni kazi ya mkono wake. Akaeleza kwamba dhahabu tupu ni laini, haifai kuvaliwa na mtu anayelima na kufua, kwa hiyo huchanganywa na shaba kidogo, na sabuni na jasho vikikutana na shaba hiyo kidole huweza kuwa cheusi. Alimwambia Mhapa hayo siku ya kuichukua. Mhapa akakubali kwamba aliambiwa, ila aliyaona ni maneno ya mfanyabiashara.

Fundi Rajabu akasema, "Twende Mbeya wote wawili. Yupo mtu anayepima kwa tindikali. Jumatatu mtakuwa na jibu."

Ilikuwa Alhamisi. Ukurasa wangu ulikuwa unafungwa Ijumaa mchana. Hapo ndipo nilipozungumza mimi.

Unajua nimeandika habari za wachimbaji wa Chunya kwa miaka mingi. Kule, mchanga ukishaoshwa, hubaki vumbi zito lenye dhahabu pamoja na mchanga mweusi wenye chuma. Mnunuzi hulikausha, analimwaga kwenye karatasi, anachukua sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kuipitisha juu yake. Mchanga mweusi wote hurukia sumaku. Dhahabu hubaki pale pale kwenye karatasi. Nimeliona jambo hilo mara nyingi mno. Mnunuzi mmoja wa zamani aliniambia dhahabu haina habari na sumaku hata kidogo, nikaliandika, na kwa kuliandika nikawa nimelijua. Tangu hapo nilikuwa mtu anayejua dhahabu.

Basi nikasema sumaku inatosha. Jirani wa kibanda kile alikuwa fundi wa kompyuta, na alikuwa na sumaku kama hii yako. Yeye ndiye aliyesema pete ikilala mezani hatutaona kitu, akaining'iniza kwenye ncha ya mrija wa soda, akaweka kipande cha sabuni ncha ya pili ili mrija ulale sawa, akafunga uzi katikati. Watu walikuwa wameanza kujaa. Aliyekuwa ananunua vitunguu aliacha kununua. Fundi wa kompyuta akanipa sumaku nishike mwenyewe.

Niliisogeza. Pete ikaondoka.

Nikairudisha nyuma, nikangoja pete itulie, nikaisogeza tena. Ikaondoka tena, kidogo, lakini kila mtu aliona. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akasema, "Hiyo inaogopa ushahidi," na watu wakacheka. Mhapa hakucheka.

Nikasema, "Dhahabu haisogei. Nimekaa Chunya. Haisogei."

Fundi Rajabu hakunitazama. Aliitazama pete, kama mtu aliyeona jambo jipya kwenye kitu alichokizoea. Halafu akasema maneno ambayo bado ninayo kwenye daftari la mwaka ule. Nimelitoa leo kabatini kuhakikisha.

"Dada mwandishi, mimi sijui habari za sumaku. Najua habari za dhahabu. Nipe mpaka Jumatatu."

Habari ilitoka Jumamosi, ukurasa wa tatu. Kichwa chake kilisema pete ya sonara yaikimbia sumaku. Nilieleza mrija, uzi, watu waliokuwepo na pete iliyosogea mara mbili. Yote yalikuwa sahihi. Nilieleza kwamba kwa uzoefu wa machimboni dhahabu haisogei. Sentensi ya mwisho ilisema, "Alipoulizwa sababu ya pete hiyo kusogea, sonara huyo alisema hajui."

Lisome tena neno lake kwenye daftari, halafu usome la gazetini. Hakuna neno nililomsingizia. Nilimkata tu pale palipofaa ukurasa.

Baba yako alikuwa bado hai, anatengeneza vitanda pale uani. Alilisoma gazeti akiwa amekaa juu ya mbao, vumbi la randa limejaa kwenye nyusi. Alipomaliza akaniuliza kama nilimsikiliza yule sonara. Nikasema nilimsikiliza.

"Ulimsubiri?"

Alikunja gazeti, akaliweka chini ya mguu wa kitanda kilichokuwa kinayumba, akaendelea na kazi. Hakuniuliza tena mpaka anakufa.

Jumatano iliyofuata Mhapa alinipigia simu. Alisema wamekwenda Mbeya Jumatatu, yeye na Fundi Rajabu, wamekaa kiti kimoja kwenye basi, na pete imepimwa kwa tindikali mbele ya macho yake. Ni dhahabu, yenye shaba kidogo kama alivyoambiwa. Wakwe zake wamepewa taarifa na wamekubali. Akasema, "Naomba uandike, dada. Nimemharibia mzee wa watu." Nikamwambia nitaliangalia.

Niliangalia namna hii. Nilijiambia kwamba mpimaji wa Mbeya na sonara wa Iringa ni watu wa kazi moja, na watu wa kazi moja hulindana. Sumaku haimjui mtu, nikasema. Nilichokiona kwa macho yangu nimekiona. Nikaiweka karatasi yenye maneno ya Mhapa kwenye droo ya ofisini, na ilikuwa humo mpaka tulipohama ofisi.

Miezi mitatu baadaye nilipita nyuma ya soko, kibanda kimefungwa, ndani kuna mtu anauza vifuniko vya simu. Fundi wa kompyuta alinieleza kilichotokea. Baada ya gazeti kutoka, watu walianza kupima pete zao majumbani. Walivunja redio mbovu, wakatoa sumaku za spika, wakaning'iniza pete kwenye nyuzi za kushonea, madirisha wazi, watoto wanakimbia ndani. Pete iliyotikisika ilisemwa ni ya Rajabu hata kama haikuwa yake. Wengine walikwenda kwake kudai, wengi zaidi hawakwenda kabisa. Nasikia hao ndio waliomuumiza, wale waliopita mbele ya kibanda wakimsalimia kwa adabu na kwenda kutengenezewa kwingine. Aliuza vyombo vyake vya kazi, akahamia kwa kina mkewe, Ilula.

Nikamuuliza fundi wa kompyuta kama Fundi Rajabu alisema kitu kuhusu mimi. Akasema hapana, hakusema kitu.

Nililala vizuri usiku ule, Atupele. Nakuambia hivyo kwa sababu ningeweza kukuandikia kwamba sikulala, na usingejua.

Sasa nyanya. Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka Morogoro kwenye semina. Basi likasimama Ilula kama kawaida, wauzaji wakaja dirishani na ndoo na mifuko. Kwa miaka kumi na miwili, kila nilipopita pale, nilikuwa na jambo la kusoma. Siku ile simu ilikuwa imekufa chaji na gazeti nilishalimaliza. Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe akainua mfuko wa nyanya mpaka kwenye kioo changu. Nikafungua. Ndipo nikaiona mikono, ile mikono ya sonara yenye alama ndogo za moto kwenye vidole.

"Kamwene, dada mwandishi," akanisalimia kwa Kihehe.

Nikajibu, "Kamwene."

"Chukua hizi. Ni nyanya kweli. Ukifika nyumbani zipime."

Wenzake wakacheka kwa sababu walidhani ni utani wa biashara. Yeye hakucheka, wala hakuonyesha hasira. Nililipa kama abiria mwingine yeyote, akapokea, akahamia dirisha la nyuma yangu. Basi likaondoka. Mama aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kama yule mzee ni ndugu yangu, nikasema hapana, nilimwandika zamani.

Nyanya hizo ndizo ulizochoma kwenye kijiti. Hukujua. Ulizipima bila kuambiwa, na zikaikimbia sumaku kama ilivyoikimbia ile pete, na ukaniuliza kwa utani kama si nyanya.

Kwa hiyo leo nikamfuata Mwalimu Mwasomola. Nimeandika alichosema, nawe utanisahihisha kwa kuwa wewe unakwenda kusomea na mimi nilipata alama mbaya. Alisema kuna vitu vingi vinavyosukumwa na sumaku kwa nguvu ndogo sana: maji, na kwa hiyo nyanya, kwa sababu nyanya karibu yote ni maji, shaba, risasi, fedha, dhahabu, hata ile risasi nyeusi ya penseli. Ndani ya kitu kuna umeme mdogo unaozunguka, na sumaku ikisogea karibu, mzunguko ule hubadilika kidogo kwa namna ya kuipinga. Alisema karibu kila kitu kinayo tabia hiyo, hata chuma, ila kwenye chuma kuna mvuto mkubwa unaoifunika isionekane. Na alisema ukiiondoa sumaku, kitu hakibaki na alama yoyote. Chuma huweza kukumbuka kwamba kiliwahi kukaribiana na sumaku. Dhahabu haikumbuki.

Nikamuuliza kwa nini basi kule Chunya dhahabu hubaki kwenye karatasi. Akasema kwa sababu uzito wake na msuguano wa karatasi ni mkubwa kuliko msukumo ule. Inasukumwa, lakini haiwezi kuondoka. Ili uone, lazima uining'inize, uzuie upepo, na usubiri.

Halafu nikamuuliza swali nililolikusudia. Kama kitu kimesogea mbali na sumaku, je, ni dhahabu? Akasema hapana, huwezi kusema hivyo, maana shaba nayo husogea. Je, si dhahabu? Huwezi kusema hivyo pia. Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Mama Atupele, kipimo hicho hakijibu swali hilo."

Hapo nilitegemea nitasikia kitu moyoni. Nilisimama uwanjani pa shule yenu chini ya bendera, wanafunzi wa kidato cha pili wanafagia, nikangoja. Hakikuja. Nilichoweza kufanya ni kutazama saa, ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tano.

Umewahi kuniuliza kwa nini silii. Mara ya kwanza ilikuwa siku tuliyomzika baba yako, ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Uliniona nasimama pembeni nikihesabu watu, ukanishika gauni, ukauliza kama nahesabu kwa ajili ya gazeti. Nilikuambia mtu mzima hulia baadaye. Haikuwa kweli. Sikuwa na baadaye yoyote niliyoipanga. Nilikuwa nimeizoea kazi ya kusimama pembeni mpaka ikawa ndiyo namna yangu ya kusimama, na nilidhani ni ushupavu, na watu walinisifia kwa huo. Sidhani kama niliharibika kwa siku moja. Nilisogea kidogo tu kila mara jambo liliponikaribia, kidogo kiasi kwamba hata mimi sikuona. Wewe uliona, kwa kuwa ulikuwa karibu na hapakuwa na upepo.

Sitakuomba msamaha hapa, kwa sababu kwenye barua ni rahisi. Najua siku ya mahafali yako ya kidato cha nne nilifika mwisho wa sherehe. Najua ulipolazwa na malaria Sekela ndiye aliyelala sakafuni. Nimeyaandika kwa sababu usidhani sikuyahesabu.

Nilichojifunza ni kidogo na kimenichukua muda. Fundi Rajabu aliniomba siku nne. Ningempa siku nne, ukurasa wangu ungekuwa na habari nyingine Jumamosi ile, labda ya bei ya mbolea, na hakuna msomaji ambaye angeona pengo. Nimejaribu kukumbuka ni haraka gani ile na siikumbuki. Kosa la sumaku lingeweza kumpata yeyote aliyewahi kusimama mbele ya karatasi ya mnunuzi Chunya. Lile la Jumatano, baada ya simu ya Mhapa, lilikuwa langu peke yangu. Nilikuwa na jibu mkononi, nikachagua kuamini kilichonipa nafuu, na kwa miaka kumi na miwili nikakiita ushahidi. Leo Mwalimu Mwasomola ameniondolea hata hicho.

Utakwenda huko chuoni Iringa uwe mwalimu wa sayansi. Watoto watakuuliza, na utajua majibu mengi kuliko wao. Siku moja utasema jambo mbele ya darasa kwa sauti ya mtu aliyewahi kuliona kwa macho, na litakuwa si hivyo. Hilo halina kinga. Ila kama atakuwepo mmoja nyuma ya darasa anayekuambia anajua kitu kingine na anaomba muda, mwandike jina lake, umpe huo muda, na neno lake ulinukuu lote. Mimi nilimnukuu mtu nusu, na nusu ile ilimfungia kibanda.

Saa sita mchana nimempigia simu mhariri. Nimemwambia nataka kusahihisha habari. Akauliza ya lini, nikamwambia. Akasema, "Miaka kumi na miwili, dada? Nani anaikumbuka?"

Nikasema, "Yeye."

Akataka kunipa mistari miwili ukurasa wa kumi na nne, chini ya matangazo ya vifo. Nikasema habari ilikuwa ukurasa wa tatu, ilikuwa na kichwa cha safu nne, na nataka ukurasa wa tatu na safu nne. Tulibishana. Ananifahamu, na nina mwaka mmoja tu kabla ya kustaafu, kwa hiyo hana cha kunitishia. Mwishoni amekubali itoke Jumanne, kwa sharti moja, na sharti hilo ni la haki: lazima mwenyewe azungumze, kwa jina lake, na akubali kuandikwa tena. Bila yeye, ukurasa hautoki.

Sijui kama atakubali. Inawezekana hataki jina lake lirudi gazetini kwa namna yoyote. Inawezekana Ilula hawajui kwamba aliwahi kuwa sonara, au wanajua na wamesahau, na mimi nikifika na daftari nitawakumbusha. Nimeliwaza hilo tangu saa nne asubuhi. Akisema hapana, itakuwa hapana, na nitamwachia daftari la mwaka ule lenye maneno yake kamili, liwe lake. Akisema anataka muda, nimekwisha mwambia mhariri kwamba Jumanne inaweza kuwa Jumanne nyingine.

Mhapa nimempigia pia. Namba yake ni ile ile. Bado analima Kalenga, ana watoto watatu, na alisema mkewe anaivaa pete mpaka leo na kidole bado ni cheusi. Amesema ikihitajika atakuja Ilula na pete yenyewe. Akaniuliza kwa nini nimechelewa. Nikamwambia sina sababu nzuri. Akasema, "Basi usiitafute njiani."

Nasikia Sekela anacheka huko kwake, kwa hiyo umekaribia kumalizwa kusukwa. Naifunga.

Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili kamili asubuhi. Wewe unajua kwamba nakusindikiza mpaka Iringa, halafu narudi na basi la jioni. Barua hii nitakupa stendi ya Iringa, ukishashusha sanduku, ili usome nikiwa sipo. Usinitafute kwenye basi la kurudi. Tiketi yako imeandikwa Iringa, kiti namba kumi na tisa, dirishani. Yangu ni kiti namba ishirini, na imeandikwa Ilula. Nimempa mhariri ahadi ya kumpigia simu kumpa jibu la Fundi Rajabu Jumapili, saa sita mchana.

Mama yako